Bileti Inapasuka: Soma Ufa Kabla ya Kugusa Mashine

Kwenye viwanda vyetu vya chuma vya Pwani ya Kenya, kuanzia Changamwe hadi Mariakani, bileti (vipande virefu vya chuma vya umbo la mraba) zikianza kutoka na nyufa amri ya kwanza huwa moja: punguza spidi. Wakati mwingine nyufa hupungua kweli. Mara nyingi hubaki palepale, tani za zamu zinashuka, na siku ya tatu spidi inarudishwa juu bila mtu kujua tatizo lilikuwa nini. Mimi nashikilia jambo moja: ufa hauzaliwi popote tu. Kila aina ina mahali pake kwenye mche, yaani chuma kinachoganda kikishuka kabla ya kukatwa kuwa bileti, na mahali pake kwenye mashine, na ukikata bileti ukaitazama vizuri utaonyeshwa pa kwenda kabla hujashika spana.

Nazungumzia mashine ndogo za kumimina chuma mfululizo kama zetu za Pwani: skrapu inayeyushwa kwenye tanuri la umeme la induksheni, inamwagwa kwenye ndoo, inapita kwenye beseni la tandishi, inaingia kwenye kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji, kisha mche unashuka kwenye upinde huku ukipuliziwa maji hadi kwenye rola za kunyooshea. Bileti ni za milimita 100 hadi 130, na nyingi zinaishia kuwa nondo.

Kata, saga, chovya

Usihukumu kwa kutazama bileti ikiwa bado nyekundu kwenye kitanda cha kupozea. Kata kipande cha unene wa sentimita 2 au 3, alama upande uliokuwa ndani ya upinde na ule wa nje, na uandike namba ya myeyusho na ya mstari wa kumimina. Bila alama hizo kipande hakikusaidii. Saga uso hadi ulainike, kisha uuchovye kwenye asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80, kwa dakika 15 hadi 30. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi mahali penye hewa, na unapochanganya tia asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi. Nyufa za ndani zitajitokeza kama mistari myeusi, na utaona pia jinsi fuwele zilivyokua kutoka ukutani kwenda katikati.

Ukiwa na karatasi ya picha ya zamani unaweza kupiga chapa ya salfa. Iloweshe kwenye asidi ya salfuriki hafifu, ya asilimia 2 au 3, ilaze juu ya uso uliosagwa kwa dakika chache. Penye salfa nyingi karatasi huwa kahawia. Ufa wa ndani uliofyonza kimiminika chenye salfa huonekana kama mstari wa kahawia hata kama umejifunga na jicho haliuoni.

Sasa pima. Ganda la chuma hunenepa kwa kipeuo cha pili cha muda: zidisha kipeuo hicho cha dakika kwa 28 hivi na utapata unene kwa milimita. Namba yenyewe hucheza kati ya 26 na 30 kulingana na mashine, lakini kwa kutafuta chanzo inatosha. Ufa wa ndani huzaliwa karibu na pale ganda linapokutana na kimiminika, kwa hiyo kina cha ncha yake ya nje kinakuambia ganda lilikuwa nene kiasi gani ulipoanza. Chukua ufa ulioanzia milimita 25 kutoka usoni. Ganda hufika hapo baada ya sekunde 48 hivi. Kwa spidi ya mita 2.5 kwa dakika, mche ulikuwa umeshuka mita 2 kutoka usawa wa chuma ndani ya kalibu. Chukua tepu, pima mita 2 kwenye mashine, utazame kuna nini pale. Kama ndipo nozeli za mwisho za maji zilipo, umeshapata pa kuanzia.

Bileti imepinda kama almasi na ina nyufa karibu na kona

Hili ndilo tatizo kubwa zaidi la Pwani. Pima ulalo wote wawili wa bileti. Zikitofautiana sana, kuta nne za mche hazikupozwa sawa: upande mmoja umeganda haraka na kusinyaa, mwingine umechelewa, na mraba umevutwa ukawa na umbo la almasi. Nyufa za ndani hutokea kwenye kona mbili zilizopanuka, wakati mwingine zikielekeana kwa ulalo mfupi, na wakati mwingine zikijificha milimita chache chini ya uso pembeni mwa kona, penye bonde jembamba linalokwenda kwa urefu wa bileti. Pitisha kidole, bonde hilo utalihisi kabla ya kuliona.

Mafundi wengi hukimbilia maji ya kupuliza. Maji hayo yanaweza kuuzidisha mpindo ulioanza, lakini mara nyingi mbegu yake iko ndani ya kalibu, na ndani ya kalibu mshukiwa wa kwanza ni maji yanayoipoza.

Mwambao wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa nyingi, mengine yana pia chumvi ya bahari. Kila mwenye nyumba Mombasa anaujua ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika. Ukoko huohuo hushika mgongoni mwa kalibu, upande wa maji. Shaba hupitisha joto vizuri mno, chokaa haipitishi: tabaka la sehemu ya kumi ya milimita huzuia joto kuliko ukuta mzima wa shaba wa kalibu, ambao ni milimita 10 na ushee. Pale penye ukoko shaba inapanda joto, maji yanaanza kuchemka kwa vipindi, na ukuta huo wa mche unakosa kupozwa kwa vipindi hivyohivyo. Upande wa pili ni safi na unapoza kama kawaida. Almasi ni lazima itokee.

Keith Brimacombe na Indira Samarasekera wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walifanya utafiti mrefu juu ya kalibu za bileti, na mapendekezo yaliyotokana na kazi ya aina hiyo ni wazi: maji yapite kwenye mwanya ulio kati ya kalibu na koti lake la nje kwa mwendo wa mita 10 hadi 12 kwa sekunde, na yawe yamesafishwa na kulainishwa, yaani kuondolewa chokaa. Mwendo huo hauonekani kwenye geji ya presha. Unaupata kwa kugawa mtiririko kwa eneo la mwanya, na mwanya wenyewe ni milimita 3 hadi 4 tu, kwa hiyo kosa dogo la kuweka kalibu katikati ya koti lake linaufanya upande mmoja uwe na maji mengi na mwingine machache. Utaratibu wangu wa kukagua ni huu: toa kalibu, tazama rangi ya mgongo wake upande kwa upande, pima mwanya pande zote nne juu na chini, halafu ndipo uangalie ndani.

Ndani unatafuta mambo matatu. Kwanza, uvimbe chini kidogo ya usawa wa chuma, pale shaba inapopata joto kali kuliko kwingine. Ikizidiwa hupinda moja kwa moja na mteremko wa kuta hugeuka kinyume. Pili, uchakavu wa sehemu ya chini, hasa konani. Kalibu hutengenezwa ikiwa nyembamba kidogo chini ili ifuate mche unaosinyaa. Ikichakaa, mche unakosa kuta za kuuegemeza, ganda jembamba linabinuka nje kwa presha ya kimiminika, na pembeni mwa kona linakunjika kama bawaba. Ufa wa pembeni mwa kona ndiko unakotoka. Tatu, uso wa kromu uliobanduka. Shaba tupu ikikwaruzana na mche huacha chembe zake usoni, nazo huzaa nyufa ndogo zenye umbo la nyota ambazo huzioni mpaka magamba yatolewe.

Mafuta ya kulainisha kalibu nayo yakaguliwe. Yakiingia kwa upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu mfereji wa juu umeziba, joto halitoki sawasawa pande zote. Vilevile mkondo wa chuma kutoka tandishi uingie katikati. Mkondo ulioelekea ukutani huosha ganda la upande huo likabaki jembamba.

Na kama maji ni ya kisima, sioni njia ya kukwepa mtambo wa kulainisha maji na mzunguko uliofungwa kwa ajili ya kalibu. Kuosha ukoko kwa asidi kila baada ya muda kunatibu dalili tu, na kati ya uoshaji mmoja na mwingine bileti zinaendelea kuharibika kidogo kidogo bila mtu kutambua.

Bileti ilikuwa safi, nondo ikatoka imechanika

Hapa kinu cha rola, kinachobana bileti kuwa nondo, kinalaumu kitengo cha kumimina, na kitengo cha kumimina kinalaumu tanuri la kupashia bileti kabla ya rola. Peleka sampuli kwenye spektromita (kifaa cha kupima kilichomo ndani ya chuma) kwanza na usome shaba na bati, ile metali, si mabati ya paa.

Chuma kinapopashwa moto kwenye hewa, uso wake hula oksijeni na kuwa magamba. Shaba iliyomo haiunguzwi. Inabaki nyuma na kurundikana chini ya magamba, na kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, inageuka kimiminika kinachopenya kati ya chembe za chuma. Rola ya kwanza ikibana, uso unafunguka kama ngozi ya mamba. Hatari kubwa iko karibu na nyuzi 1,100. Bati huzidisha balaa kwa sababu hupunguza uwezo wa chuma kuibeba shaba. Kanuni zinazotumika huzidisha asilimia ya bati kwa 6 hadi 10 kabla ya kuijumlisha na ya shaba. Nikeli husaidia upande mwingine.

Tanuri haliondoi shaba wala bati. Kilichoingia ndicho kitakachotoka. Kwa hiyo dawa iko yadini. Mota zisizovuliwa waya, rejeta, vichwa vya friji, nyaya za magari na makopo ya bati ndivyo wahusika wa kawaida, na wanaochambua skrapu wanavijua. Wasichokijua wengi ni kontena. Mji wa bandari haukosi makontena yaliyokatwa vipande, nayo yanapendwa kwa sababu ni mazito kidogo kuliko mabati na hayana uchafu. Lakini kuta za kontena ni chuma kilichotengenezwa kwa makusudi kipambane na kutu, na ndani yake mna shaba ya asilimia 0.25 hadi 0.55, aina nyingine huongezewa fosforasi pia. Nusu ya mzigo wa tanuri ikiwa kontena zenye shaba ya 0.4, umeshajiwekea 0.2 kabla ya kuhesabu mota hata moja. Nondo huvumilia hadi 0.4 hivi, mradi bati liwe dogo. Kontena zitumike, ila kwa kipimo: zisambazwe kwenye miyeyusho mingi badala ya kumalizwa zote siku zilipoletwa.

Wakati yadi inasubiri kurekebishwa, tanuri la kupashia linaweza kupunguza makali. Usiiache bileti ikae muda mrefu kwenye nyuzi 1,050 hadi 1,150, na usiruhusu hewa ya ziada kwenye moto.

Salfa hufanya uharibifu unaofanana na huu. Ikikosa manganisi ya kushikana nayo, huungana na chuma na kufanya utando unaoyeyuka kwenye nyuzi 988. Manganisi iwe angalau mara 25 ya salfa. Ikishuka chini ya mara 20 tegemea nyufa, za kwenye mashine na za kwenye rola. Tanuri la induksheni halina uwezo wa maana wa kuondoa salfa na fosforasi, ndiyo maana nasisitiza yadi kuliko tanuri.

Nyufa za ndani, nusu ya njia kati ya uso na kiini

Mistari hii hukaa kati ya uso na katikati, ikiwa imesimama wima kwa uso, na haionekani kwa nje. Ile hesabu ya tepu ilitungwa kwa ajili ya hizi. Mche ukitoka kwenye maji ghafla, joto la ndani linarudi usoni, uso unapanuka, na sehemu ya ndani iliyoganda punde tu inavutwa ikachanika. Uso ukirudi kupanda kwa zaidi ya nyuzi 100, ufa ni suala la muda.

Tazama nozeli zikiwa zinafanya kazi, mashine ikiwa haimimini. Zilizoziba utaziona mara moja, na kwa maji yetu huziba haraka. Kisha uangalie mpangilio: maji mengi juu halafu hakuna kitu ni mpangilio mbaya. Yapungue hatua kwa hatua, na ukiweza ongeza safu ya mwisho yenye maji machache ili mche utoke polepole.

La pili ni joto la ziada, yaani nyuzi ambazo chuma kilichomo kwenye tandishi kimezidi joto lake la kuanza kuganda. Lenga 20 hadi 30. Chuma cha moto sana hukuza fuwele ndefu hadi karibu na kiini, na ufa hupita kati yake bila kizuizi. Chenye joto la wastani hupata fuwele ndogo za katikati ambazo huukatiza. Najua kwa nini mafundi humwaga kikiwa moto: stima ikiyumba, kreni ikichelewa, chuma kitaganda kwenye nozeli ya tandishi na kazi yote ya usiku ipotee. Woga huo una msingi. Lakini nyuzi 60 za ziada kila mara ni bei kubwa kwa bima ya kitu kinachotokea mara mojamoja. Pasha tandishi na ndoo vizuri, funika uso wa ndoo kwa majivu ya maganda ya mpunga, na pima joto ndani ya tandishi kwenyewe badala ya kukisia kutoka tanurini.

Nyufa za katikati na karibu na rola

Hapa ndipo kupunguza spidi kunapofaa kweli. Chukua bileti ya 120 kwenye mashine yenye upinde wa nusu-kipenyo cha mita 6. Hadi kwenye rola za kunyooshea mche umesafiri mita 9.4. Kwa spidi ya 2.5, ganda limefika milimita 54 na kiini cha milimita 12 hivi bado ni kimiminika. Rola zikibana kwa nguvu au zikinyoosha hapo, kiini kinachanika. Kwa spidi ya 2.0 mche umeshaganda wote. Kabla ya kuishusha lakini, punguza presha ya rola. Mara nyingi imewekwa kwa ajili ya mche baridi wa kuanzia (upau unaovuta chuma cha kwanza kutoka kalibuni) na haijashushwa tena.

Ufa mrefu usoni, katikati ya upande

Soma kaboni. Ikiwa kati ya asilimia 0.09 na 0.17 umeingia eneo baya kuliko yote, na 0.10 hadi 0.12 ndiyo kilele chake. Karibu na nyuzi 1,495 chuma cha aina hii hubadili mpangilio wa atomi zake na kusinyaa ghafla, ganda linajivuta kutoka ukutani kwa viraka, na penye viraka ni jembamba. Hakuna maji yatakayotibu hilo kabisa. Kwa nondo, lenga kaboni 0.18 kwenda juu kama daraja la ubora linaruhusu. Kwa waya laini shuka chini ya 0.08. Myeyusho unaopangwa kuwa 0.18 ukakosea ukawa 0.15 ndio unaoleta kisa cha "jana ilikuwa sawa, leo imeharibika, na hatukugusa kitu".

Nyufa zinazokata bileti kwa upana

Hizi hukaa chini ya alama za mtikisiko wa kalibu na hufunguka wakati wa kunyoosha, upande wa ndani wa upinde. Kwa nondo za kawaida si nyingi. Ukiziona, tazama kona za mche zinapofika kwenye rola: zikiwa zimefifia kuliko nyuso, huenda ziko kati ya nyuzi 700 na 900, ambapo chuma hukosa unyumbufu, hasa chenye alumini, niobiamu au naitrojeni nyingi. Punguza maji ya konani ili zifike zikiwa juu ya 900. Alama zikiwa za kina kirefu, fupisha mpigo wa kalibu, ongeza kasi yake na uhakikishe haiyumbi kwenda pembeni.

Ufa usiotokana na kumimina

Kabla ya kufungua mashine, hakikisha kosa ni lake. Kata ufa kwenye nondo iliyoharibika, ung'arishe na uutazame kwa hadubini. Kama kingo zake zimepoteza kaboni na ndani mna magamba, ulikuwepo kabla bileti haijaingia tanuri la kupashia. Kama kingo ni safi na hazijabadilika, umezaliwa kwenye rola, na wa kukaguliwa ni mwongozo wa kinu na mifereji ya rola zake. Kwa chuma cha kaboni nyingi, cha springi kwa mfano, ulizia pia bileti zilipoozwa wapi. Zikiwekwa nje wakati wa masika zingali moto, mvua peke yake inatosha kuzipasua.

Bileti zote za myeyusho ulioonyesha nyufa zitengwe na zipakwe rangi mpaka kipande cha majaribio kikatwe kutoka kila mstari wa kumimina. Ufa wa usoni usio wa kina unaweza kusagwa hadi uishe na bileti ikarudi kazini. Wa ndani uliofunguka hadi hewani, au wa usoni wenye kina kirefu, hauungi tena kwenye rola kwa sababu umeshaingiwa na magamba; bileti hiyo irudi tanurini.